Tairi Ngumu za Thadeus Ogeto

Ukitaka kumfurahisha Thadeus Ogeto wa kule juu ya Ekerenyo, usimwambie kitu chake ni kizuri. Mwambie ni kigumu. Uzuri kwake ni mambo ya maua ya kanisani. Kiti kiwe kigumu, kufuli iwe ngumu, kitanda kiwe kigumu hata mgeni akiamka atembee ameshika kiuno, na hapo ndipo Thadeus atakapotabasamu na kusema, "Umeona? Hicho kimekuwepo tangu nilipooa." Viatu alivyofungia ndoa bado viko kabatini, vinang'aa, kwa sababu vilikuwa vigumu akashindwa kuvivaa kutoka kanisani hadi kwenye meza ya keki. Alirudi nyumbani kwa soksi. Lakini mwulize leo, atakuapia hajawahi kuona kiatu kinachodumu namna ile.

Huyu ni mtu aliyetunza stoo ya kiwanda cha chai mpaka akastaafu, na mimi nadhani ndiko alikoharibikiwa. Mtunza stoo hupenda kitu kikiwa kwenye rafu. Kikishatoka nje kikatumika, anakiona kama kimekufa. Na lugha nayo haikumsaidia. Kwa Kigusii cha nyumbani, kitu kinachodumu na kitu kisichobonyea vyote unaweza kuviita kwa neno moja, basi alipojifunza Kiswahili shuleni akalichukua neno "ngumu" akalitwika mizigo yote miwili. Hakuna mwalimu aliyelitua.

Hata mke alimsifu hivyohivyo. Siku ya arusi alipewa kipaza sauti, watu wakangoja asifie macho ya bibi arusi, au sauti yake, maana Persis alikuwa mwimbaji. Thadeus akakohoa, akasema, "Namshukuru Mungu, nimepata mwanamke mgumu." Watu walicheka mpaka wengine wakashika meza. Persis naye akacheka, maskini, akidhani ni mapenzi. Kumbe alikuwa anasomewa ratiba ya kazi.

Maana shamba lao la chai liko chini, linateremka mpaka kijitoni, na kituo cha kununulia majani kiko juu kabisa, kando ya barabara. Katikati kuna mlima wa udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Miaka yote hiyo, majani yaliupanda mlima huo mgongoni mwa Persis. Thadeus alikuwa akitangulia mikono mitupu ili, kama alivyosema, akaichunge mizani. Sijui alidhani mizani itatorokea wapi.

Basi goti la Persis likaanza kulalamika. Kwanza lilikuwa likiuma akipanda, baadaye akishuka, mwishowe hata akiwa amekaa kanisani. Alipokwenda zahanati muuguzi alilibonyeza, akamtazama usoni, akasema, "Mama, ukiendelea kupandisha mzigo mlimani, goti hili litakuacha njiani. Likiharibika kabisa hutapanda tena, uwe na mzigo au usiwe nao."

Persis aliogopa, na ana haki. Mwanamke asiyeweza kupanda mlima kule Ekerenyo ni mfungwa wa uani kwake. Kanisa liko juu, soko liko juu, watu wote wako juu.

Thadeus alishangaa kweli. "Lakini Mama Ian ni mgumu," akamwambia muuguzi, kama mtu aliyerudisha redio dukani.

Walioelewa ni watoto. Ian, aliyeko Marekani, na dadake Joyline, anayefanya kazi mjini Kisii na kukaa Kiogoro, waliongea kwenye simu wakapatana. Wakatafuta kijigari cha shamba, kimetumika lakini injini nzima: magurudumu manne, usukani, viti viwili mbele na kitanda cha mzigo nyuma. Huko kwingine watu hupanda navyo porini kwa starehe. Hiki kililetwa kipandishe majani ili mama apumzishe goti. Hiyo tu ndiyo ilikuwa kazi yake duniani. Majirani wakakiita Nusugari.

Kasoro ilikuwa moja. Tairi zake zilikuwa zimekwisha, vipara vitupu, na moja ina kidonda ubavuni. Ian akapiga simu. "Baba, tafuta za matope. Zenye meno marefu, yaliyoachana. Na ziwe za kudumu, usichukue za mzaha."

Katika maneno yote hayo, Thadeus alisikia "kudumu." Mengine yalipita hewani, yakaenda zake.

Wakaenda na Nusugari Kisii mjini wote wawili, kwenye duka la bwana mmoja aitwaye Jethro, anayeuza tairi za kila aina. Jethro ni mtu wa makamo, ana adabu, na siku hiyo subira yake ilipimwa.

"Karibu mzee, karibu mama. Hiyo mashine inaenda kukanyaga wapi? Lami ama matope?"

"Nataka ngumu," akasema Thadeus.

"Sawa, mzee. Lakini itakuwa inakanyaga nini?"

"Bwana, mimi nimekaa stoo maisha yangu yote. Nimekuambia ngumu."

Jethro akavuta tairi ya matope akaisimamisha mbele yao. Ilikuwa na meno kama ya jembe, makubwa, kila moja na nafasi yake. Thadeus akainama. Akaligonga jino kwa kifundo cha kidole. Akalibana kwa ukucha wa dole gumba, na lo! jino likabonyea. Aliruka kama aliyeshika chura.

"Inabonyea! Hii ni tairi ama ni ya kutafuna?"

"Inabonyea ndiyo ishike, mzee. Ikikutana na mlima unaoteleza, inajikunja inang'ang'ania. Na si kwamba itaisha upesi. Angalia ubavu wake, umewekewa nyuzi tabaka juu ya tabaka, mawe hayaipasui."

Thadeus hakuangalia ubavu. Alikuwa ameingiza ngumi yake yote katikati ya meno mawili, na ngumi ikaenea. Alimgeukia Persis na uso wa mtu aliyemfumania mwizi.

"Na hapa katikati mpira uko wapi? Hee! Mama Ian, njoo uone. Wamekula mpira, wanatuuzia hewa!"

"Hapo ndipo matope yanapotokea," Jethro akasema, sasa akiongea polepole. "Gurudumu likizunguka yanarukia nje. Pasipokuwa na nafasi yanajaa, tairi inakuwa andazi."

Persis alikuwa ameegemea mlango kwa sababu ya goti. Akaitazama ile tairi vizuri. "Baba Ian," akasema, "hii imekaa vile mimi hupanua vidole vya miguu nikipanda na kikapu."

"Mama Ian, tafadhali. Haya ni mambo ya magari."

Wee! Mtu ambaye hajawahi kupandisha hata kikapu kimoja. Na aliposema hivyo alikuwa tayari ameziona nyingine kwenye kona, nyeusi, nene, zimejaa mpira pande zote, mistari yake myembamba kama mikunjo ya shati lililopigwa pasi. Akazigonga, zikalia ko! ko! Akazibana kwa ukucha, ukucha ukakunjika. Akazipiga teke, na aliyechechemea ni yeye. Akacheka kwa raha.

"Hizi!"

"Mzee, hizo ni za mashine za mahali pa saruji. Za kuzunguka ghalani na kwenye viwanja. Hapo zitakaa miaka na miaka, sikatai. Lakini kwa matope..."

"Umesema zitakaa miaka?"

"Zitakaa, lakini..."

"Funga."

Jethro akamtazama Persis, Persis akaitazama sakafu. Akazifunga. Kwani angefanya nini? Yeye si mchungaji, ni mwenye duka.

Kabla ya kutoka mjini walipita kwa fundi wa pancha kujaza upepo. Fundi akauliza kiasi gani. Na nyinyi mnajua jibu. "Mpaka ziwe ngumu!" Zikajazwa mpaka ukizigusa zinalia kama ngoma. Njiani kurudi Nusugari iliruka kila kijiwe, Persis ameshika chuma kwa mikono miwili na kofia ya Thadeus imeangukia mahali fulani ambapo hawakuweza kurudi. Ian alipoonyeshwa tairi kwenye simu ya video, alijishika kichwa.

"Baba! Si hizo. Na angalau punguza upepo, tairi ya shamba inatakiwa ilale kidogo, iikumbatie ardhi."

"Iikumbatie?" Thadeus akasema. "Wewe umekaa kwenye theluji mpaka umesahau adabu."

Sasa, ilikuwa kiangazi, na kiangazi humdanganya mtu. Udongo ulikuwa umekauka, Nusugari ikapanda na majani bila shida, na Thadeus akawa bingwa. Alikuwa akienda nayo sokoni Ekerenyo bila haja yoyote, anaiegesha mbele ya waendesha boda boda ili aulizwe. Bosire, mmoja wao, mwenye mdomo usio na breki, akamwambia, "Mzee, hii tairi yako haina meno. Inakula uji?" Wakacheka. Thadeus akajibu kwamba wao wanabadilisha tairi kama soksi, yeye watakuja kumzika nazo.

Lakini nisiwe mkali mno, kwa sababu katika wiki hizo Persis alipona. Haki alipona. Goti lilishuka uvimbe, akaanza kwenda kanisani bila fimbo, akarudi kwenye kwaya. Akichuma majani alikuwa akiimba, na majirani walimsikia kutoka ng'ambo ya kijito. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa ameshakilia. Kwa sababu hiyo yaliyofuata yananiudhi mpaka leo.

Mvua ikaja. Usiku mmoja tu, na mlima ukawa mwekundu, laini, unang'aa. Asubuhi wakachuma, wakapakia, kitanda kikajaa majani. Persis akautazama mlima, akazitazama tairi, akasema tungoje ukauke kidogo. Thadeus akasema lori la kiwanda halingoji mtu, akaketi kwenye usukani, akakanyaga mafuta.

Nusugari ikapanda hatua chache, ikasimama. Magurudumu yakazunguka palepale. Ile mistari myembamba ikajaa udongo mara moja, na kwa kuwa tairi zilikuwa zimejazwa upepo kama mpira wa kuchezea, zilikuwa zinagusa ardhi kwa ncha tu. Zikawa maandazi manne, vilevile alivyoambiwa. Gari likaanza kurudi nyuma.

"Mama Ian! Sukuma kidogo!"

"Baba Ian, muuguzi alisema nisi..."

"Alikataza kubeba! Huku ni kusukuma!"

Sikilizeni hiyo. Wakili mzima, na hajasomea. Persis, kwa mazoea ya maisha, akaweka mabega nyuma ya lile gari, akapanua vidole vya miguu, akasukuma. Matope yakamrukia usoni, kifuani, mdomoni. "Sukuma, Mama Ian, inakuja! Inakuja!" Na kweli ilikuwa inakuja, lakini kwa nyuma. Ikateleza kwa ubavu, Persis akaruka kando, mguu ukabaki kwenye tope na mwili ukageuka. Alipiga yowe lililosikika mpaka barabarani. Nusugari ikaendelea na safari yake, ikaingia kwenye migomba ya jirani yao Angwenyi, ikaangusha mitatu na kumwaga majani yote.

Thadeus akatoka mzima. Nataka mjue alikwenda wapi kwanza. Mkewe ameketi njiani kwenye matope, mguu hauwezi kunyooka, analia. Yeye alikwenda kwenye tairi. Akainama, akazifuta kwa mkono, akazipapasa moja baada ya nyingine, kisha akaita kwa sauti ya mtu aliyepata habari njema:

"Mama Ian, usijali! Hata mkwaruzo!"

Toba! Mimi nikifika hapo huwa natafuta kitu cha kumrushia.

Aliyembeba Persis ni Angwenyi, aliyekuwa ameteremka kwa hasira kuulizia migomba yake. Alipomwona mama wa watu vile akaisahau, akampakata mpaka barabarani. Joyline akaja na gari, akamkimbiza mamake hospitalini, na kutoka huko akampeleka kwake Kiogoro, ambako nyumba iko tambarare na duka liko mlangoni. Daktari alisema goti limechanika ndani. Litapona, lakini halina ruhusa ya kurudia mchezo ule. Likirudia, basi.

Baada ya muda Joyline alikuja nyumbani kuchukua nguo za mamake. Alimkuta babake akiiosha Nusugari.

"Baba, nimeongea na Jethro. Anazo zile za matope, nitazileta mwenyewe na fundi. Wewe toa tu hizi."

"Nitoe?" Thadeus akasimama na kitambaa mkononi. "Nitoe tairi nzima? Joyline, njoo uguse. Bado zina nywele." Na kweli zile nywele ndogo za mpira mpya zilikuwepo. "Mimi ni mzee wa kanisa. Kutupa kitu kizima ni dhambi."

"Si kutupa, baba, ni kuweka pembeni."

"Tairi ikiwekwa pembeni inaharibika. Mimi nimekaa stoo."

Joyline hakubishana. Alimpigia mamake, akaweka simu kwa sauti ya kusikika na wote, akamweleza. Kisha sauti ya Persis ikatoka pale juu ya boneti, taratibu, ile ya kwaya.

"Baba Ian, mimi nitarudi siku hizo tairi zitakapotoka. Hata siku moja kabla ya hapo, sirudi. Sibebi na sisukumi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Ian."

Mtu mwingine angechukua spana hapohapo. Thadeus aliketi chini kwenye jiwe akafikiri sana, na mtu kama yeye akifikiri sana ujue kuna balaa. Alipoinuka alikuwa amepata njia ya kumrudisha mke bila kutenda dhambi. Hatazitoa tairi zikiwa nzima. Atazimaliza kwanza.

Ndiyo hiyo kazi anayoifanya hadi leo, kama hujasikia. Kila siku mlima ukikauka, isipokuwa Sabato, Thadeus Ogeto anapanda Nusugari tupu, anaitoa barabarani kwenye lami, anakwenda mpaka soko lingine na kurudi, hana mzigo, hana safari. Boda boda wanampigia saluti. Bosire amemshauri afunge breki kwa ghafla ili mpira ulike, naye anafanya hivyo, mzee mzima, breki zinalia mpaka kuku wanakimbia. Akifika nyumbani anaingiza kijiti cha kiberiti kwenye ile mistari kupima imebaki kiasi gani. Kijiti kinaingia kama siku ya kwanza.

Huko shambani chai imeota ikapitiliza. Siku moja alijaribu kuchuma mwenyewe, akajitwika kikapu, akapanda ule mlima kwa mara ya kwanza maishani. Alipumzika njiani mara nyingi kuliko alivyowahi kumruhusu Persis apumzike. Karani wa kituo akachota majani, akayavunja mkononi, akayarudisha kikapuni.

"Mzee, haya siwezi kuchukua. Yamekuwa magumu."

Watu kwenye foleni waliinamisha nyuso, wengine wakakohoa. Thadeus hakucheka. Alishuka na kikapu chake, akakaa jikoni, na jiko lilikuwa baridi. Msinielewe vibaya, anampenda mkewe. Usiku anaikosa sauti yake, chakula chake kimekuwa cha kumeza tu, na ukimkuta jioni amekaa kwenye kile kiti chake kigumu anaangalia njia, utamwonea huruma kidogo. Kidogo tu. Maana spana iko ukutani nyuma ya kichwa chake, na Joyline ameshazilipia zile tairi nyingine, ziko Kisii zinamngoja.

Sabato iliyopita, baada ya kanisa, alimpigia Persis simu. Alimwambia watu wa kwaya wanamsalimu. Alimwambia migomba ya Angwenyi imechipua tena. Akamwuliza goti, na Persis akasema goti linaendelea vizuri, jana alitembea mpaka sokoni na kurudi, akiimba.

"Sasa utakuja lini, Mama Ian?"

"Zimekwisha?"

Thadeus akainama pale uani, simu sikioni, akabana mpira kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukakunjika.

"Bado," akasema. "Ni ngumu."

"Haya," Persis akasema. "Na mimi bado."